Mshauri Asiyetoa Ushauri

Ukitoka mnara wa saa wa Moshi kuelekea stendi kuu, au ukishuka Arusha kutoka Sanawari hadi Kaloleni, utakutana siku hizi na bango ambalo miaka kumi na mitano iliyopita ungelitafuta bila kuliona: "Ushauri Nasaha: Afya ya Akili, Ndoa na Familia." Baadhi yamebandikwa kwenye majengo ya ghorofa, katikati ya ofisi za mawakili na za wakala wa utalii, mengine yamening'inizwa kwenye mageti ya nyumba za kawaida. Pamoja na mabango hayo limekuja lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi mpaka nikaacha kulishangaa. Jirani yangu mmoja wa Majengo hapa Moshi, mama wa makamo aliyefiwa na mumewe, alilisema kwa ufupi kuliko wote: "Nimekwenda mara mbili, nimelipa mara mbili, na kila nilichoambiwa ni kile nilichokuwa nimekisema mwenyewe." Mara ya tatu hakwenda.

Nadhani mama huyo aliieleza kazi ya mshauri kwa usahihi mkubwa, kisha akaihukumu kwa kipimo cha kazi nyingine. Watu wazima wengi wanaoingia peke yao katika chumba cha mshauri huingia wakitarajia kuambiwa la kufanya, na mshauri aliyefundwa vizuri amefundishwa kujizuia asiwaambie. Kutoelewana huko hakutokani na ujinga wa mteja wala uvivu wa mshauri. Kumetokana na jina tulilolipa kazi yenyewe, na mahali ambapo wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Hasara yake ni kubwa, kwa sababu mtu aliyekwenda mara mbili akakata tamaa hasemi kwamba hakumpata mshauri wa kumfaa; husema kwamba ushauri haufai, na jirani zake humsadiki.

Tuanze na jina. "Ushauri" na "nasaha" ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na kwa matumizi yetu ya leo yote mawili yanabeba maana ya maneno mema anayopewa mtu na anayejua zaidi yake. Ni jina linaloahidi jambo moja mara mbili. Wapo wanaopenda kusema "unasihi", na neno hilo limeshaingia shuleni na vyuoni, lakini halijaondoa tatizo, maana nalo limezaliwa na nasaha ileile. Ajabu ni kwamba lugha yetu inayo maana ya zamani iliyo karibu zaidi na kinachofanyika. Shauri lilikuwa jambo linalokaliwa: watu walipiga shauri, walifanya shauri, walishauriana, na kitenzi hicho cha kutendeana kilidai watu wawili wanaopimana maneno, wala hakikumhitaji mmoja anene na mwingine atikise kichwa. Hata "shauri yako", ambayo tunaitumia tunapotaka kujivua lawama, ina ndani yake ukweli ambao mshauri huulinda kuliko kitu kingine, kwamba uamuzi ni wa mwenye maisha.

Historia nayo imeongeza uzito upande mmoja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata maneno "ushauri nasaha" yalishikamana na kipimo cha virusi hata kizazi kizima kikaviona kuwa kitu kimoja. Vituo vya Angaza vya kupima virusi, vilivyoanza mwaka 2001, na kampeni ya kitaifa ya upimaji wa hiari ambayo Rais Jakaya Kikwete aliizindua Julai 2007 kwa kupimwa yeye na mkewe hadharani, vilifanya kazi ambayo nchi hii haina budi kuishukuru. Katika kazi hiyo mshauri alikuwa na mambo ya lazima ya kueleza: virusi vinaambukizwaje, jibu lina maana gani, dawa zinamezwaje, mwenzi anaambiwaje. Alikuwa na elimu ambayo mteja hakuwa nayo, na muda mfupi wa kuitoa. Tukazoea hivyo, kwamba mshauri nasaha ni mtu aliyekaa upande wa pili wa meza akiwa na jibu ndani ya bahasha. Mama wa Majengo aliisubiri bahasha.

Kwa mtu aliyefiwa, au aliyeachika, au anayeamka saa tisa usiku moyo ukimwenda mbio, bahasha hiyo haipo. Kikao cha kwanza kwa kawaida ni cha kuuliza na kupatana. Wengi hufika wakiwa wameuzunguka mwili wao kwanza: wameshapimwa presha, wameshatibiwa vidonda vya tumbo, wameshanunua dawa za kichwa duka hadi duka. Mshauri makini haipuuzi safari hiyo. Huuliza kama daktari amemwona mtu huyo, kwa kuwa tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huweza kuleta mapigo ya moyo na wasiwasi, na upungufu wa damu huweza kuleta uchovu unaofanana na wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Huuliza habari za usingizi, chakula, pombe, misiba na madeni. Wengi hutumia dodoso fupi, na mojawapo ya yaliyoenea sana lina maswali tisa yanayohusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likiwa na alama kuanzia 0 hadi 3, jumla isizidi 27. Dodoso halisemi kwa nini mtu anaumia. Linampa mshauri pa kuanzia, na baada ya wiki sita linamwezesha kuuliza yaleyale na kuona kama kuna kilichosogea.

Kisha huja makubaliano, ambayo wateja wengi huyaona kama karatasi za ofisini ilhali ndiyo msingi wa nyumba. Mshauri hueleza kwamba yasemwayo humo hayatoki, halafu hutaja mapema yale yanayoweza kumlazimu kuyatoa: hatari ya mtu kujiua au kumdhuru mwingine, mtoto anayetendewa ukatili, amri ya mahakama. Hupatana na mteja siku, saa na malipo, kikao kikiwa cha dakika 45 hadi 60, aghalabu mara moja kwa wiki. Hutafuta pia lengo linaloonekana kwa macho. Mteja akisema "nataka nirudi kuwa na furaha", mshauri atamuuliza jirani yake atajuaje kwamba amepata nafuu, na jibu huenda likawa kwamba atamwona anafungua genge saa kumi na mbili asubuhi kama zamani. Furaha haipimiki kirahisi, lakini genge lililofunguliwa au lisilofunguliwa kila mtu analiona.

Tufike sasa kwenye lile lililomuudhi jirani yangu, yaani kurudishiwa maneno yako mwenyewe. Chukua mfano wa kubuni. Mjane anasema, "Watoto wananiona mzigo." Shangazi yake angemjibu papo hapo, "Wacha wewe, watoto wanakupenda," na mazungumzo yangeishia hapo, mjane akiwa amenyamazishwa kwa upendo. Mshauri anasema, "Unajiona umekuwa mzigo kwao," kisha ananyamaza. Kimya kinakaa. Mjane anaangalia dirishani, halafu anasema, "Kwa kweli hawajasema. Mimi ndiye ninayesema." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyolipiwa fedha. Hakuna mtu angeweza kumpa, kwa sababu ikitoka kwa mwingine ni maneno ya kumfariji tu, na yeye amekwisha kusikia ya kumfariji mengi tangu siku ya matanga.

Njia hii ina waasisi wanaojulikana. Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers aliandika kwamba badiliko la mtu hutegemea mambo machache upande wa mshauri: amwelewe mteja kwa jinsi mteja mwenyewe anavyoyaona mambo, amkubali pasipo masharti, na awe mkweli asivae uso wa bandia. Katika miaka ya 1960, Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, akaja na utaratibu uliobana zaidi, ambapo mawazo yanayojileta yenyewe kichwani huandikwa na kuulizwa kama shahidi anavyoulizwa: una ushahidi gani, na kuna maelezo mengine? Washauri wengi wa leo huchanganya vyote viwili. Na hapa ni lazima niseme wazi kwamba mshauri wa namna hii si bubu. Yapo mambo anayofundisha kwa uwazi, lakini anafundisha namna akili inavyofanya kazi, na anakuachia namna utakavyoishi. Mtu aliyenusurika ajali katika barabara ya Moshi na Arusha, ambaye tangu hapo hapandi basi, ataelezwa kwamba kila akikwepa safari anapata nafuu ya saa moja na hofu inapata nguvu ya wiki nzima. Kisha watapanga pamoja hatua ndogo: leo kusimama stendi tu, wiki ijayo kukaa ndani ya basi lililoegeshwa, halafu safari ya Boma Ng'ombe na kurudi, halafu Arusha. Kupanga ngazi hizo ni utaalamu. Kumwambia mtu huyohuyo aachane na mkewe au amrudie ni jambo ambalo hakuna chuo kinachomstahilisha mtu kulifanya.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya chumba hiki cha watu wawili inasema kwamba tunao tayari watu wa kazi hiyo. Wapo wazee wa ukoo, mapadre, wachungaji, masheikh, makungwi na masomo wanaowafunda vijana, na sheria yenyewe inawatambua wasuluhishi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida inataka mgogoro upitie baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani kuomba talaka. Hoja hii haistahili kubezwa na mtu yeyote aliyewahi kufiwa Uchagani. Jirani huja kabla hajaitwa, moto huwashwa, watu hulala uani, na mfiwa haachwi peke yake hata akitaka. Sijui ofisi yoyote inayoweza kufanya hivyo, na mshauri anayejaribu kushindana nao amekosea mlango.

Lakini tazama kinachotokea jambo likiwa ndani ya ukoo wenyewe. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa Mchagga hakiishii kwenye migomba na kahawa. Ndipo makaburi yalipo, ndipo mtu anapotoka na ndipo atakaporudishwa, na kwa desturi mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya baba. Fikiria mwanamume wa miaka hamsini aliyeona sehemu yake ikikatwa kwa namna anayoiona ya dhuluma. Amkimbilie nani? Mzee atakayempokea ndiye aliyesimama kati ya migomba akaonyesha mpaka, akasimamia kupandwa kwa mimea ya masale. Na sale lilelile linalopandwa mpakani ndilo linalopelekwa kuomba radhi. Ukiletewa sale, desturi inakutaka usamehe. Ni utaratibu wenye hekima kubwa, kwa kuwa umezuia damu kumwagika vizazi na vizazi. Ila hekima yake ni ya kulinda ukoo. Mwanamume huyo akilipokea sale mbele ya watu, shauri la ukoo limekwisha siku hiyo, na lake ndilo linaanza, maana sasa hana ruhusa hata ya kusema kwamba bado anaumia. Desemba inapofika na mabasi kutoka Dar es Salaam yakijaa watu wanaopanda kwao kwa Krismasi, yeye ndiye anayetafuta zamu ya ziada kazini.

Mtu kama huyo anahitaji mahali ambapo msikilizaji hana ekari, hana ubini, wala hana heshima ya familia ya kulinda. Ugeni wa mshauri, ambao wengi huuhesabu kama kasoro, ndio unaomstahilisha. Viongozi wa dini wako karibu zaidi na hali hiyo, na siri ya kitubio ni kongwe kuliko miiko yoyote ya wanasaikolojia, lakini kiongozi wa dini ana mafundisho anayowajibika kuyasimamia. Muumini anayewaza kuvunja ndoa anajua jibu kabla hajabisha hodi, na kwa hiyo mara nyingi habishi.

Hoja ya pili ni ya njaa, nayo husemwa sana Arusha. Mwaka 2020 watalii walipokatika, waongoza watalii na wapagazi wa mlimani walikaa nyumbani mwezi baada ya mwezi, wengine wakiwa na mikopo ya magari. Mtu wa namna hiyo, hoja inasema, anahitaji kazi, na kumkalisha kwenye kiti azungumzie hisia zake ni dhihaka. Ninaikubali nusu ya kwanza ya hoja hii bila kusita. Nusu ya pili imejibiwa vizuri mahali pasipo na utajiri wowote. Mjini Harare, kuanzia mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina mama wazee, wafanyakazi wa afya wa jamii wasio na shahada yoyote, kukaa na mtu mmoja mmoja kwenye benchi nje ya zahanati. Hatua ya kwanza waliiita kwa Kishona kuvhura pfungwa, kufungua akili: mteja anataja matatizo yake yote, pamoja na kodi na ada, anachagua moja, wanalichambua, na yeye mwenyewe anatafuta hatua inayowezekana wiki hiyo. Vikao vilikuwa sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu wazima 573, na baada ya miezi sita waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 kati ya waliokalia benchi, dhidi ya takriban asilimia 50 katika kundi lililopata huduma za kawaida. Ugumu wa maisha haukuondoka Harare. Kilichobadilika ni uwezo wa mtu kulishika tatizo moja wakati mengine yakimzunguka. Bibi wa kwenye benchi, ambaye kwa umri na mila angekuwa wa kwanza kutoa mawaidha, alifundishwa kuuliza.

Habari hiyo ya Harare inawakata pia watu wa upande wangu, wale wanaodhani tiba hii ni ofisi yenye zulia na ada ya kutisha. Kiti, faragha, mafunzo mahususi na msimamizi anayepitia kazi ya mshauri ndivyo vilivyoleta tofauti. Hapa Moshi kwetu watafiti waliwahi kuwafunza washauri wasio wataalamu kuwahudumia watoto waliofiwa na wazazi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, yakijumuisha watoto 640 wa Tanzania na Kenya, hayakulingana mjini na vijijini. Mbinu ileile inaweza kushika mahali pamoja na kulegea umbali wa saa moja kwa daladala. Mwenye kuahidi kwamba kila kikao kitaponya hajaisoma kazi yake mwenyewe.

Ipo pia hoja ya kikundi, na hii naiona imara hata nisitake kuipinga. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti kutoka vijiji 30 vya kusini mwa Uganda, ambako watu wenye sonona walikutana kwa makundi, wanawake kwao na wanaume kwao, kwa wiki 16. Mwishoni waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5 katika vijiji vilivyopata huduma na asilimia 54.7 katika vijiji vingine. Kwa jamii iliyozoea vicoba na jumuiya ndogondogo, kukaa kwa kundi kunaweza kuwa kwepesi kuliko kukaa wawili. Tiba ya mtu mmoja mmoja inabaki na nafasi yake kwa yale yasiyosemeka mbele ya watu unaokutana nao sokoni Kiboriloni Jumamosi, na katika mji mdogo kama Moshi hayo ni mengi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: eti kijana wa miaka ishirini na minane asiyeoa anawezaje kumshauri mwenye ndoa ya miaka thelathini. Nguvu yake inatoka katika heshima tuliyo nayo kwa umri, na heshima hiyo ni nzuri. Lakini hoja yenyewe inasimama juu ya kosa lilelile la bahasha. Kungwi ni lazima awe ameishi anayoyafundisha, kwa sababu kazi yake ni kurithisha. Mshauri harithishi kitu. Kwa kweli uzoefu wa ndoa ndio unaohitaji kuangaliwa zaidi, maana mshauri aliyevumilia mume mlevi miaka ishirini ana kishawishi cha kuuona uvumilivu kuwa dawa, na aliyeondoka ana kishawishi cha kuiona kila ndoa mbovu kuwa mlango wa kutokea. Katika hali zote mbili mteja atakuwa amelipa kusikiliza ndoa ya mtu mwingine. Ndiyo maana washauri makini huwa na msimamizi wa kitaaluma wanayempelekea mashauri yao, bila majina, ili aone mahali ambapo maisha yao wenyewe yameanza kuingia kwenye chumba. Kijana wa miaka ishirini na minane mwenye msimamizi ananipa imani zaidi ya mzee mwenye uzoefu asiyeulizwa na mtu.

Kujizuia huko kuna mpaka, na mshauri asiyeujua ni hatari. Mtu anayepigwa nyumbani hahitaji kimya cha hekima. Anahitaji kuambiwa lilipo dawati la jinsia na watoto la polisi na kusaidiwa kupanga usalama wake usiku huohuo. Anayesikia sauti zisizokuwapo, au aliyekesha siku nne akijiona ana nguvu za kununua nusu ya Arusha, apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili, na mazungumzo yatafuata baada ya dawa. Na swali la tisa la dodoso nililolitaja, linalouliza kama mtu amewaza kwamba bora afe au ajidhuru, ni lazima liulizwe kwa sauti na jibu lifanyiwe kazi. Hapo sheria yetu inakwaza. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, wakati Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha nchi hiyo kinachofanana nacho ni kinyume cha katiba. Mteja anayejua kwamba alichojaribu mwezi uliopita kinaweza kumpeleka polisi atajibu "hapana" kwa swali la tisa, na mshauri atafunga jalada akiamini kwamba hali ni shwari.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa ajili ya mgonjwa anayelazwa, na fikra zetu za umma zimebaki hukohuko, kwamba afya ya akili ni Hospitali ya Mirembe, Dodoma, na asiyefika Mirembe ni mzima. Katikati ya uzima na Mirembe kuna watu wengi mno wanaokwenda kazini kila siku. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mjadala ulihusu vifurushi, michango na dawa. Siku itakayofika ya kujadili kama vikao vya mazungumzo vilipiwe na bima, swali la kwanza la mlipaji litakuwa mlipwaji amefanya nini, na "amesikiliza" halitatosha kwenye fomu ya madai. Washauri wenyewe watalazimika kuonyesha lengo lililopatanwa, alama za dodoso mwanzoni na mwishoni, na idadi ya vikao. Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili washauri na wanasaikolojia mwaka 2014. Kwenye mabango ya mjini kwetu nimeona namba za simu, picha za maua na mistari ya Biblia; namba ya usajili sijaiona, na mteja hana njia ya kumtofautisha aliyefundwa na aliyejipachika jina.

Mpaka hilo litengenezwe, mzigo unabaki kwa watu wawili walio chumbani. Mteja ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla hajatoa fedha: umesomea wapi na nani anasimamia kazi yako, tutajuaje baada ya vikao sita kwamba kuna mabadiliko, na nikizidiwa utanipeleka kwa nani. Mshauri anayeudhika kwa maswali hayo amekwisha kuyajibu. Naye mshauri ana wajibu ambao naona unasahaulika mara nyingi, wa kueleza siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba hatasema la kufanya, na kwa nini. Wiki iliyopita nilimuuliza jirani yangu kama angefikiria kurudi. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Alisema yule kijana hakuwa mtu mbaya na alikuwa na adabu zake, na kwamba kulia alilia huko kuliko alivyolia makaburini. Kilichomchosha ni kwamba siku zote mbili alikaa akingoja zamu ya kijana kuanza kusema, na hakuna aliyemwambia kwamba zamu hiyo haiji.